Kiti cha Mwenzetu



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na somo la mirathi, na tunajua wako kina mama wanaoisubiri sehemu ya pili. Inshaallah itakuja juma lijalo. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya viti vya gari. Asiyekuwa na gari asiufunge ukurasa, kwani mengi tutakayoyaeleza yanafaa pia kwa sofa, kwa kiti cha ofisi na hata kwa benchi la madrasa.

Gari letu ni Toyota Corolla ya miaka ya tisini. Tulilinunua likiwa limekwisha kutumika, na tangu tulipohama Mombasa kuja Garissa kusomesha, limetubeba sisi, watoto watano, vitabu vya madrasa, magunia ya mchele, mbuzi wa akika na wagonjwa wa majirani ambao hatukuwahi kuwahesabu. Safari yake kubwa ni ile ya kwenda pwani: huvuka daraja la Mto Tana hadi Madogo, hufuata mto kuteremka Bura, Hola na Garsen, kisha hushika njia ya Malindi hadi Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 400, na aliyepita njia hiyo hana haja ya kuelezwa mashimo yake.

Garissa ni mji wa jua. Ifikapo Machi joto la mchana hufika nyuzi 36 kivulini, na gari lililofungwa vioo likaachwa uani hugeuka tanuri. Katika kiti cha gari, kitu cha kwanza kuuawa na jua ni uzi. Mshono huachana ilhali kitambaa kingali kizima, na watu husema kiti kimechanika, kumbe kimefumuka. Baada ya uzi hufuata kitambaa chenyewe, na mwisho ni sponji, ambayo huoza polepole na kuwa unga wa manjano unaomwagika sakafuni kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Unga huo tuliufagia kwa miaka, na hatukujiuliza ulikuwa ukitoka kiti gani.

Kiti cha dereva kilipoanza kutuumiza, miaka saba iliyopita, tulinunua mto sokoni tukaukalia. Huo ndio ukawa mwisho wa tatizo, kwa upande wetu. Viti vyote tulivivika kava za kununua, zile za kuvuta na kufunga kwa kamba chini, na kwa mbali gari likaonekana limetunzwa.

Kisha mwishoni mwa mwaka 2023 zikaja mvua za El Niño. Mto Tana ulivunja kingo, barabara ya kwenda Nairobi ikakatika upande wa Madogo, na watu wa mabondeni walihama usiku na magodoro vichwani. Kwetu maji yaliingia uani, yakapanda hadi sehemu za kukalia za viti vya gari, yakakaa siku mbili, kisha yakaondoka na kutuachia tope. Alhamdulillahi, injini ilipona baada ya fundi kuikausha na kubadilisha oili. Viti havikupona. Harufu iliyotoka humo ilimfanya mtoto wetu mdogo aombe kwenda madrasa kwa miguu, jambo ambalo hajawahi kuliomba kabla wala baada yake.

Tulilipeleka gari kwa fundi wa viti. Akalizunguka, akaingiza mkono chini ya kava, akatutajia shilingi 28,000. Hatumlaumu, kazi yake ni ya haki, na vifaa vyote huja kwa lori kutoka mbali. Lakini kwa mwalimu wa madrasa fedha hizo si za viti. Tukarudi nyumbani tukamwambia mwenzetu kwamba tutaifanya kazi wenyewe. Akatutazama, akasema, "Maalim, wewe kifungo cha kanzu hunipa mimi."

Ilikuwa kweli. Sote tunaijua habari ya Mama wa Waumini Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, naye akaeleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Tumeisomesha habari hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sindano hatukuwa tumeishika tangu utotoni.

Na hata hivyo kazi hii ni ya kwetu tangu zamani. Kiswahili kina neno lake hasa, nalo ni kuwamba. Ngoma huwambwa kwa ngozi, kitanda huwambwa kwa kamba. Marehemu babu yetu, kule Lamu, aliwamba vitanda kwa kamba za ukindu, na akikikaza kitanda hukigonga kwa vidole na kukisikiliza kama mtu agongaye tikiti. Vile viti vya enzi vilivyomo katika Makumbusho ya Lamu, vya mti mweusi ulionakishiwa kwa pembe, migongo na vikalio vyake viliwambwa kwa uzi uliosukwa. Kiti cha gari ni fremu ya chuma mahali pa mti, ina springi mahali pa kamba, na juu yake sponji na kitambaa. Anayeelewa kitanda cha babu ataelewa kiti cha Corolla.

Tulianza siku moja ya Rajabu, baada ya alasiri, madrasa ikiwa imefungwa. Kwanza tulitoa waya wa betri, kwa tahadhari. Hapa tuseme jambo kabla hatujasahau: magari ya siku hizi yana mfuko wa hewa uliofichwa ubavuni mwa kiti cha mbele, ambao hufumuka gari linapogongwa. Kiti cha namna hiyo kisiguswe nyumbani, wala kisivikwe kava inayobana ubavu. Kipelekwe kwa fundi anayekijua. Corolla yetu ni ya zamani, haina mfuko huo.

Kila kiti cha mbele hushikwa na bolti nne, na spana namba 14 huzifungua zote. Zetu zilikuwa na kutu ya mafuriko, kwa hiyo tulizitia mafuta tukaziacha walale nazo hadi asubuhi. Kijana wetu wa tatu alipiga picha kwa simu kila hatua, na picha hizo ndizo zilizotuokoa baadaye, kwani skrubu zote hufanana zikishakuwa kwenye kopo moja. Chini ya viti tulikuta kokwa za tende, shilingi 65, tasbihi iliyokatika, kiatu cha mwanasesere, na ukurasa wa Juzuu Amma, ambao tuliubusu tukauweka juu ya kabati.

Kiti tulichokivua kwanza kilikuwa chetu. Hakuna aliyetuambia tuanze na hicho. Mikono ilikwenda yenyewe. Chini ya kava na kitambaa cha awali, sponji ilikuwa imebonyea katikati, lakini springi zilikuwa nzima. Mto wetu wa sokoni ulikuwa umeilinda.

Siku ya pili tukakivua cha abiria.

Kava ilipotoka tuliona kwamba mshono wa katikati ulikuwa umefumuliwa kwa mpangilio, si kwa kuchanika. Mtu alikuwa ameukata uzi kwa wembe, kiasi cha shubiri moja, kisha akaufunga tena kwa mishono mikubwa ya mkono. Tukaifungua. Kitu cha kwanza kutoka kilikuwa kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa kwa umbo la yai. Chini yake palikuwa na mfuko wa unga wa ngano uliokunjwa mara nne, na chini ya huo sweta ya mtoto wetu wa kwanza, ambaye sasa ana watoto. Vitu hivi vilikaa kama matabaka ya udongo anayoyakuta mchimba kisima, kila kimoja cha mwaka wake. Chini kabisa, imekunjwa ndogo na ngumu kama tofali, ikiwa imeshika tope la Mto Tana, palikuwa na leso. Maandishi yake yalikuwa yamefutika. Rangi zilikuwa bado zinatambulika, nasi tuliitambua. Ilikuwa ni pande moja ya doti tuliyompa wiki ya harusi.

Chini ya leso ilikuwepo ncha ya springi. Ilikuwa imevunjika na kupinda juu, ikatoboa sponji yote, ikawa inatokeza urefu wa kidole. Tuliigusa, ikatukwaruza. Ndipo tukakumbuka buibui lake moja, ambalo kwa miaka lilikuwa na kiraka kidogo nyuma, upande wa kulia, kilichoshonwa vizuri hata hakionekani ila kwa anayelifua. Tuliwahi kumwuliza, naye akasema limenaswa. Tukadhani kwenye msumari wa mlango.

Tulikaa pale uani na leso mkononi mpaka kijana akauliza kama kuna kitu kimepotea.

Usiku tukamwuliza mwenzetu. Hakuona haya wala hakufurahi kuulizwa. Alikuwa akichambua mchele na aliendelea kuuchambua. Alisema springi ilivunjika mwaka ule barabara ya Hola ilipokuwa mbaya sana. Tukamwuliza kwa nini hakusema. "Nilisema," alijibu. "Tulikuwa tumefika Bura. Ukaniambia, tutafika tu." Kweli tunajijua kwamba tunasema hivyo. Lakini siku yenyewe hatuikumbuki, na hilo lilituuma kuliko jibu lenyewe.

"Na baada ya hapo?"

Akanyamaza kidogo. "Baada ya hapo, Maalim, nilichelea. Safari zilikuwa za mama yangu. Nikisema kiti ni kibovu, ungesema basi tusiende mpaka kitengenezwe. Na kutengenezwa kwenyewe ungesema mwezi ujao."

Mama yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliugua miaka mitano kule Mombasa, na safari za pwani zilikuwa za kumwona yeye. Tulizihesabu pamoja usiku ule, mwenzetu kwa vidole na sisi kwa kumbukumbu ya daftari la mafuta. Zilifika kumi na saba, kwenda na kurudi. Katika kila moja tulipokuwa tukivuka daraja tulisoma dua ya safari, ile itokayo katika Surat Zukhruf, ya kumshukuru Aliyetutiishia kipando ambacho kwa nguvu zetu wenyewe tusingekiweza. Sisi tuliisoma juu ya mto. Yeye akiitikia amina juu ya chuma.

Iko hadithi katika Sahihi Bukhari, kwa mapokezi ya Anas bin Malik, ambayo kila sheikh wa mwambao huitaja anapozungumza juu ya haki za wake. Ni ya mwaka wa 7 Hijria, katika kurudi kutoka Khaibar, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopiga goti kando ya ngamia ili Bi Safiya aukanyage mguu wake mtukufu apande. Habari ya goti tumeieleza mimbarini mara nyingi, na tumeona kina mama wakifuta machozi. Lakini Anas ametaja jambo jingine kabla ya goti: kwamba alimwona Mtume akimtandikia Bi Safiya joho lake nyuma yake juu ya ngamia, likunjwe liwe kikalio. Maneno hayo yamo katika hadithi ile ile, na sisi miaka yote tulikuwa tukiyapita mbio kwenda kwenye goti. Goti ni la dakika moja na linaonekana na watu. Joho ni la safari nzima, na anayelijua ni yule aliyelikalia.

Basi turudi kwenye kazi.

Kuanzia siku ya tatu uongozi ulihamia kwa mwenzetu, naye ni mshonaji wa kofia na wa sare za watoto wa madrasa. Sisi tukawa wa kushika, kuvuta na kukata tunapoambiwa. Kitambaa cha awali hushikwa kwenye sponji kwa pete ndogo za waya zilizobanwa ndani ya mifereji. Ndizo zinazokifanya kiti kiwe na mabonde na vilima vyake badala ya kuvimba kama andazi. Pete hizo hukatwa kwa koleo moja baada ya moja. Waya mrefu unaopita ndani ya pindo ukitolewa usitupwe, kwani utarudi mahali pake katika kitambaa kipya. Kisha kila kipande hufumuliwa mshono kwa wembe, huandikwa kwa chaki jina lake na upande wake, hunyooshwa kwa pasi vuguvugu, na hicho kibovu ndicho huwa kipimo cha kukatia kipya. Asiyeviandika vipande atajuta. Sisi tuliviandika, na bado tukajuta: tulikata mbavu mbili za kiti kwa kufuata kipimo kimoja bila kukigeuza, zikatoka zote za kushoto. Mwenzetu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ubavu uliozidi ukawa mto wa kichwa.

Kuhusu kitambaa tulishauriana sana. Ngozi bandia, ile inayoitwa reksini madukani, hufutika kwa kitambaa kibichi, na mwenye watoto ataipenda. Lakini kwa jua la Garissa humchoma aliyevaa nguo nyepesi, humtoa jasho aliyevaa buibui, na baada ya miaka michache hupasuka kama kigae. Kitambaa cha sofa hupumua, ila hunywa vumbi na maziwa yanayomwagika. Mwenzetu aliamua kuvichanganya: kitambaa kizito katikati, palipo na mwili, na reksini mbavuni na nyuma, panapoguswa na viatu na mikono. Uzi alikataa kabisa uwe wa pamba. Alichukua wa polista mnene, kwani pamba huoza juani na kazi yote ikarudi ilikotoka.

Wako wanaotuuliza juu ya ngozi halisi za magari ya bei kubwa, kama zinafaa kukaliwa na mwenye udhu. Ngozi za viti vya gari aghalabu ni za ng'ombe, na katika madhehebu ya Imamu Shafii ngozi ya mnyama, hata aliyekufa kibudu, husafika kwa kudabaghiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Kwa hiyo anayekaa juu ya ngozi ya ng'ombe asijitie wasiwasi. Ama maji ya mafuriko yaliyobeba kinyesi cha wanyama ni jambo jingine. Sponji za viti vya nyuma, ambazo zilikuwa bado nzima, tulizimiminia maji mengi mpaka yakatoka meupe bila rangi wala harufu, ndipo tukazifua kwa sabuni na siki kidogo, tukazianika siku nne. Sponji hukauka juu upesi na ndani ikabaki mbichi. Ikifungwa hivyo, uvundo hurudi. Ikandamizwe kwa kitambaa cheupe, na kisipotoka na unyevu ndipo irudishwe.

Za mbele hazikufaa. Tulitumia godoro la binti yetu aliyeolewa, lile la sponji nzito. Ile nyepesi ya mito ya mapambo isinunuliwe kwa kazi hii. Ni laini siku ya kwanza, na baada ya mwezi mtu anakalia chuma. Springi iliyovunjika tuliikunja ncha yake kuelekea chini, tukaiunga na jirani zake kwa waya wa kufungia nondo, kisha tukatandika juu yake gunia la katani mara mbili kabla ya sponji. Gunia hilo ndilo siri ya kiti kudumu, nalo halionekani. Bila gunia springi husaga sponji kila gari linaporuka shimo, na ule unga wa manjano ndio huo. Gundi tuliipaka nje, pasipo watoto, kwa kuwa moshi wake hupanda kichwani.

Cherehani ilikuwa ile ya kukanyaga, ya kawaida, ambayo imeshona sare. Mwenzetu aliitia sindano namba 18, akarefusha mshono, na kila alipofika panapokutana tabaka nne aliliacha kanyagio akalizungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Sindano tatu zilivunjika, mbili mikononi mwetu.

Siku ya kuvika alikuja jirani yetu, mama mtu mzima wa Kisomali ambaye mtaa mzima humwita Hooyo. Alikulia kwa wafugaji, upande wa Wajir. Wasomaji wetu wa pwani huenda hawajui kwamba ile nyumba ya wafugaji wa Kisomali, aqal, ni kazi na mali ya mwanamke. Yeye ndiye hupinda mataruma, husuka mikeka, huisimamisha nyumba, na siku ya kuhama huivunja na kuipakia juu ya ngamia. Na mikeka ile ile iliyokuwa ukuta hukunjwa ikawa matandiko ya kumkinga ngamia na mzigo. Kwa hiyo Hooyo alikitazama kiti kwa jicho la mtu wa fani. Alipitisha kidole juu ya mshono, akalibonyeza gunia kwa chini, akauliza nani amekaa hapa. Tukamwonyesha mwenzetu. Akasema kwa Kiswahili cha Garissa, "Ngamia ikiumia mgongo, huwezi jua mpaka mzigo itoke." Hakuwa ameelezwa chochote. Alikuwa akizungumza juu ya ngamia.

Kuvika kava mpya ndiyo kazi ya nguvu. Kitambaa kikikatwa vyema huwa kidogo kuliko kiti, na lazima kivutwe. Reksini baridi haivutiki. Ya moto hulegea kama mkate wa maji. Kwa hiyo tuliianika juani nusu saa, na jua la Garissa, ambalo ndilo lililotutia gharama, likafanya kazi bila kulipwa. Mafundi huivisha sponji mfuko mwembamba wa nailoni ili kitambaa kiteleze. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na mtu asije akavunja sheria kwa ajili ya kiti. Tulitumia lile karatasi la nailoni lililokuja limefunika godoro jipya la binti yetu. Tulivuta sisi, kijana na Hooyo, na mwenzetu akizibana pete za waya kwa koleo, akitupigia kelele tusilegeze.

Gharama yote, pamoja na sindano zilizovunjika, ilikuwa shilingi 7,900. Siku zilikuwa kumi na moja, kwani tulifanya baada ya alasiri tu. Kiti chetu cha dereva kina mkunjo mmoja ubavuni, ambao fundi yule angeucheka. Kiti cha abiria hakina.

Sasa kuhusu leso. Tuliifua mara tatu, tope likatoka, rangi ikabaki kidogo. Tulidhani mwenzetu angeitaka kuiweka sandukuni. Aliishika, akaikunjua mbele ya taa, ikawa na matundu mengi kuliko kitambaa. Akaikunja tena. "Rudisha," akasema, "ila si juu ya chuma." Ipo sasa kati ya sponji na kitambaa kipya, kwenye mgongo wa kiti, pale mabega yanapoegemea. Hakuna anayeiona.

Mwezi wa Shaaban 1445, kabla ya Ramadhani, tulikwenda Mombasa kuwazuru dada zake. Mama hayupo tena wa kuendewa. Kabla ya kuondoka tulikaa kwanza sisi kwenye kiti chake, gari limesimama uani, tukainuka tukakaa tena, tukajisogeza kulia na kushoto. Yeye alisimama mlangoni na mkoba wake akasubiri tumalize. Tulivuka daraja, tukasoma dua, tukapita Madogo. Jua lilikuwa bado halijapanda na kushoto kwetu miti ya mtoni ilikuwa mibichi baada ya mafuriko.

Katika safari zote kumi na saba hakuwahi kusinzia garini. Alikuwa akikaa wima, akishika mpini ulio juu ya mlango, akituzungumzisha. Sisi tulikuwa tukiwaambia watu kwamba mwenzetu ni rafiki mwema wa safari, hatuachi dereva akesha peke yake.

Tulikuwa hatujafika Bura alipoanza jambo la bei za mchele, akaliacha katikati. Tulimngojea amalizie. Tulipogeuka, kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirishani, na mkono umeteleza kutoka kwenye mpini umelala mapajani. Mbele yetu palikuwa na lori la mifugo, nyuma yetu basi likipiga honi lipishwe. Tukasogea pembeni likapita. Tukazima redio, tukapunguza mwendo kwenye mashimo.